Mwongozo Kamili: Kuchora Ramani ya Hatari za Asili Ukiwa Katika Nchi Iliyotulia

Zoezi lenyewe linaonekana jepesi. Orodhesha hatari za asili zinazoweza kukufikia hapo unapoishi, kisha zipange kwa uzito. Hata hivyo, wengi walio katika nchi zisizo na volkano hai wala mitetemo ya mara kwa mara huliharibu kwa namna ileile. Hufungua ramani ya mabamba ya gamba la dunia, wakaona mpaka wa karibu uko kilomita elfu mbili, wakaandika "hatari: ndogo" na kufunga daftari. Wengine hufanya kinyume: hujaza kurasa tano kuhusu volkano iliyozimika tangu enzi za dinosaria, na hawaandiki hata mstari mmoja juu ya kijito kinachopita nyuma ya nyumba.

Makosa yote mawili yana mzizi mmoja, nao ni kuanza na kinachotisha badala ya kinachoweza kufika mlangoni. Ndiyo maana hapa volkano inakuja karibu na mwisho. Usiruke hatua kuifuata.

## Vitu vya kuandaa

- Ramani ya eneo lako yenye kontua (mistari inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja), skeli ya 1:50,000 au yenye undani zaidi. Ichapishe kwenye karatasi. Simu inafaa kutafutia mambo, haifai kuchorea.
- Ramani ya jiolojia ya eneo hilohilo, inayoonyesha aina za miamba na udongo. Idara za jiolojia za nchi nyingi huziweka wazi kwa umma.
- Plastiki angavu ya kufunika ramani, na kalamu za rangi tatu.
- Kipimapembe cha shuleni, uzi na jiwe dogo au nati.
- Kipimaradoni, yaani kipimo cha gesi ya radoni (tutaieleza Hatua ya 5), cha kuachwa ndani ya nyumba kwa miezi mitatu. Kiagize leo, maana ndicho kitakachochukua muda mrefu kuliko vyote.
- Orodha mbili za bure kwenye intaneti: ya matetemeko, inayotunzwa na Shirika la Jiolojia la Marekani (USGS), na ya volkano, inayotunzwa na Taasisi ya Smithsonian.
- Siku mbili za kutembea. Moja iwe ya mvua.

## Hatua ya 1: Futa mpaka wa nchi, weka nyumba yako katikati

Tia alama nyumba yako, kisha chora miduara mitatu kuizunguka: wa kilomita 1, wa kilomita 10 na wa kilomita 100. Huo wa mwisho hautatosha kwenye ramani ya kontua, kwa hiyo uchore kwenye ramani ndogo ya pembeni.

Sababu ni kwamba kila hatari ina urefu wake wa mkono. Mteremko ukiporomoka huumiza walio chini yake na walio juu yake, mara nyingi ndani ya kilomita moja. Tetemeko la wastani hubomoa kuta ndani ya makumi ya kilomita. Majivu na moshi wa volkano huvuka bahari. Ukiandika "nchi yetu haina volkano", umejibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza.

Mafuriko hayafuati miduara. Tafuta mto au kijito kilicho karibu nawe, ukifuate kwa kalamu ya bluu hadi chanzo chake pamoja na matawi yake yote. Kisha zungushia mstari eneo lote linalomwaga maji humo. Hilo ndilo bonde lako, hata kama nusu yake iko wilaya nyingine au nchi nyingine.

Umefaulu ikiwa: unaweza kunyoosha kidole mahali mvua itakaponyesha ili maji yafike kwako, na mahali itakaponyesha yasifike.

## Hatua ya 2: Tafuta kumbukumbu zenye umri mkubwa kuliko mzee wa mtaa

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa hiyo tukae kidogo.

Usiku wa tarehe 14 Julai 2021, mto Ahr, magharibi mwa Ujerumani, ulifurika na kuua watu zaidi ya 130 katika bonde lake. Wengi walisema jambo hilo halijawahi kuonekana. Lilikuwa limeonekana. Mto uleule ulifurika vibaya mwaka 1804 na tena mwaka 1910, na mafuriko hayo yaliandikwa. Lakini vipimo vya kisasa vya kituo cha mto vilianza mwaka 1947, na ramani za hatari zilitegemea vipimo hivyo. Kilichotangulia kikabaki kwenye makabrasha ya historia, mbali na meza ya mpima ramani.

Kumbukumbu ya mtu aliye hai hufika miaka sitini au sabini nyuma. Hatari za nchi iliyotulia huja kwa vipindi virefu kuliko hivyo, na utulivu wenyewe unatokana na hilo. Kwa hiyo mzee umwulize, na kwa heshima zote, lakini usiishie kwake. Endelea hivi:

1. Tazama madaraja ya zamani, nguzo na kuta za majengo makongwe yaliyo karibu na mto. Sehemu nyingi watu walichonga alama ya kimo cha maji pamoja na mwaka.
2. Pekua magazeti ya zamani na kumbukumbu za nyumba za ibada. Tafuta maneno ya kawaida kama "maji", "daraja limechukuliwa" na "kuta zimepasuka". Waandishi wa zamani hawakutumia lugha ya kitaalamu.
3. Soma majina ya mahali. Jina lenye maana ya bwawa, tope, moshi au shimo halikutolewa bure.
4. Linganisha nyumba kongwe na mpya. Ikiwa za kale zote ziko juu ya kilima na mpya zote ziko bondeni, jiulize waliotangulia walijua nini.

Angalizo: kukosa kumbukumbu si ushahidi kwamba hapakutokea kitu. Huenda hapakuwa na mtu wa kuandika.

Hapa pia ondoa kosa moja la hesabu. Ukisoma "mafuriko ya miaka 100", usidhani kwamba yakija mwaka huu utapumzika miaka 99. Maana yake ni kwamba kila mwaka yana uwezekano wa asilimia 1, na mwaka unaofuata kete hurushwa upya. Kwa mtu atakayekaa nyumba hiyo miaka 30, uwezekano wa kuyaona walau mara moja ni takribani asilimia 26. Hiyo ni moja kwa nne.

Umefaulu ikiwa: una matukio matatu yaliyotokea kabla mzee kuliko wote mtaani hajazaliwa, kila moja na mwaka wake na mahali lilipofika. Ukipata moja tu baada ya juhudi ya kweli, liandike hilo na uendelee.

## Hatua ya 3: Pima kimo chako juu ya maji

Ramani ya kontua hukupa picha ya jumla, lakini kati ya kontua na kontua panaweza kuwa na mita kumi au ishirini, na wewe unahitaji kujua mita mbili. Pima mwenyewe.

Simama ukingoni mwa kijito, maji yakiwa katika kiwango cha kawaida. Shika kipimapembe upande ulionyooka ukiwa juu, uzi wenye jiwe ukining'inia kutoka katikati ya upande huo. Uzi ukigusa alama ya nyuzi 90, ukingo wa juu umelala sawasawa. Tazama kwenye ukingo huo kuelekea nyumbani na utie akilini mahali jicho lako linapogusa ardhi. Nenda ukasimame hapo, urudie. Kila mara umepanda kwa kimo cha macho yako. Mwenye macho yaliyo mita 1.6 kutoka ardhini, akihesabu mara tatu hadi kizingiti cha mlango, yuko mita 4.8 juu ya maji.

Siku ya mvua kubwa rudi, lakini tazama ukiwa juu na mbali. Angalia maji yanakusanyika wapi, na hasa angalia kalvati (mabomba ya kupitishia maji chini ya barabara) na madaraja madogo. Bonde la Ahr liliumia zaidi kwa sababu magogo, magari na takataka viliziba madaraja, maji yakarudi nyuma na kupanda. Kalvati nyembamba chini yako ni habari mbaya hata kama mto wenyewe ni mdogo.

Angalizo: usiingie kwenye maji yanayokwenda, hata yakiwa ya magoti. Yanaangusha mtu mzima.

Walio pwani wapime kimo chao juu ya bahari wakati maji yamejaa, si yakiwa yamekupwa. Dhoruba ya usiku wa Januari 31 kuamkia Februari 1, 1953 iliisukuma Bahari ya Kaskazini juu ya kingo zake, ikaua watu 1,836 Uholanzi na 307 Uingereza. Hakuna bamba lililosogea wala mlima uliolipuka. Ulikuwa upepo, na maji yaliyokuwa tayari yamejaa.

Umefaulu ikiwa: una namba moja ya mita iliyoandikwa kando ya nyumba yako kwenye ramani, na umeilinganisha na matukio ya Hatua ya 2.

## Hatua ya 4: Pima mteremko, kisha usiuamini

Kwa kipimapembe hichohicho elekeza ukingo sambamba na mteremko. Tofauti kati ya pale uzi ulipo na alama ya 90 ndiyo nyuzi za mteremko. Paka rangi nyekundu kila mahali panapozidi nyuzi 20 ndani ya duara la kilomita 1, juu yako na chini yako.

Kisha tafuta dalili za ardhi inayosogea: miti iliyopinda shinani na kunyooka juu, nguzo za uzio zilizoinama upande mmoja, nyufa zenye umbo la mwezi mchanga juu ya mteremko, chemchemi mpya mahali palipokuwa pakavu, mlango ambao mwaka jana ulifunga na mwaka huu unakwama. Dalili moja peke yake haina uzito. Tatu pamoja, mwite mhandisi wa udongo.

Sasa kwa nini nasema usiuamini. Desemba 30, 2020, katika wilaya ya Gjerdrum, Norway, sehemu ya makazi iliporomoka na watu kumi wakafa. Chini ya nyumba hizo palikuwa na udongo mfinyanzi uliotuama chini ya bahari mwishoni mwa zama za barafu, kisha nchi kavu ikainuka na maji baridi yakaosha chumvi iliyokuwa ikishikilia chembe zake. Udongo wa aina hiyo hubeba nyumba miaka na miaka, lakini ukisumbuliwa hugeuka uji. Gjerdrum kilichousumbua ni kijito kilichokuwa kikila ukingo wake pole pole. Huko Rissa, Norway hiyohiyo, mwaka 1978 chanzo kilikuwa udongo uliochimbwa shambani na kurundikwa kando ya ziwa.

Udongo huo unaweza kuteleza hata mahali ambapo mpita njia angepaita tambarare. Ndiyo maana ramani ya jiolojia imo kwenye orodha ya vitu. Ukiona "mfinyanzi wa baharini" chini ya nyumba iliyo juu ya usawa wa bahari, paka rangi nyekundu bila kujali kipimapembe kimesema nini.

Umefaulu ikiwa: kila eneo jekundu lina sababu yake iliyoandikwa, iwe mteremko, dalili au aina ya udongo.

## Hatua ya 5: Kilicho chini ya sakafu

Ningeambiwa nichague hatua moja tu ya kumlazimisha kila mtu aifanye, ningechagua hii. Hakuna anayeiogopa.

Radoni ni gesi inayotoka kwenye urani iliyomo ndani ya miamba, hasa graniti na baadhi ya miamba ya matabaka. Haina rangi wala harufu. Hupenya kwenye nyufa za sakafu na kujikusanya ndani. Shirika la Afya Duniani huitaja kuwa chanzo kikubwa cha saratani ya mapafu baada ya sigara. Miamba ya graniti ni mingi mno katika nchi kongwe zilizotulia, na utulivu huohuo ndio humfanya mtu asiwe na wazo la kupima.

Mwaka 1984, mfanyakazi mmoja wa kituo cha nyuklia huko Pennsylvania, Marekani, alikuwa akipiga kengele za mionzi kila apitapo mlangoni. Kituo kilikuwa hakijaanza hata kuzalisha umeme. Walipochunguza, mionzi alikuwa anatoka nayo nyumbani kwake.

Fanya hivi:

1. Weka kipimaradoni katika chumba cha chini kabisa mnachokaa au kulala, mbali na dirisha, jiko na ukuta wenye jua.
2. Kiache miezi mitatu au zaidi, ikiwezekana majira ambayo madirisha hufungwa. Kipimo cha siku mbili kinapotosha, kwa sababu gesi hupanda na kushuka kwa hali ya hewa.
3. Soma jibu kwa bekereli (kizio cha kupimia mionzi) kwa kila mita ya ujazo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kiwango cha 100, na kama nchi haiwezi kukifikia, basi kisizidi 300.
4. Kikizidi, ziba nyufa na uongeze hewa. Kilicho bora zaidi ni bomba na feni ya kunyonya gesi kutoka chini ya sakafu na kuitupa juu ya paa.

Angalizo: jibu la jirani si jibu lako. Nyumba mbili zinazopakana zinaweza kutofautiana mara nyingi sana, kwa ufa mmoja tu.

Kabla ya kuondoka chini ya sakafu, tazama kama ramani inaonyesha mawe ya chokaa au jasi. Maji huyayeyusha, ardhi ikabaki kama dari isiyo na nguzo. Winter Park, Florida, Mei 1981, shimo la upana wa karibu mita 100 lilifunguka na kumeza nyumba na magari. Ukiwa juu ya chokaa, tafuta mabonde madogo ya mviringo na vijito vinavyopotea ardhini, na usielekeze maji ya paa sehemu moja ya uwanja.

## Hatua ya 6: Tetemeko. Kagua ukuta

Fungua orodha ya USGS, weka duara la kilomita 100 na uanze mwaka wa nyuma kabisa inaoruhusu. Huenda upate tukio moja au usipate kabisa. Usifurahi haraka. Aprili 3, 2017 Botswana, nchi iliyo mbali na ukingo wa bamba lolote, ilitikiswa na tetemeko la ukubwa wa 6.5. Newcastle, Australia, Desemba 1989, lilikuwa la 5.6 tu, nalo liliua watu 13. Na Killari, India, Septemba 1993, la 6.2 liliua takribani watu 10,000, katika eneo ambalo lilihesabiwa kuwa salama.

Kilichoua Killari hakikuwa ukubwa wa tetemeko peke yake. Kule Killari watu walikuwa wamelala ndani ya nyumba za mawe na udongo zenye mapaa mazito, na tetemeko lilikuja alfajiri. Tena, miamba kongwe na baridi hubeba mawimbi mbali kuliko miamba ya mipakani: tetemeko la 5.8 la Virginia, Agosti 2011, lilipasua mnara wa Washington ulioko zaidi ya kilomita 100.

Kwa hiyo kagua vilivyo vizito na visivyofungwa, kama bomba la moshi, ukuta wa tofali wa kupamba juu ya mlango, kabati refu karibu na kitanda na tangi la maji juu ya paa. Vifunge. Wafundishe wa nyumbani kuinama, kujificha chini ya meza imara na kuishikilia. Wengi huumizwa na vitu vinavyowaangukia wakiwa wanakimbilia nje.

Umefaulu ikiwa: hakuna kizito kinachoweza kumwangukia aliyelala.

## Hatua ya 7: Sasa volkano

Tafuta kwanza ndani ya kilomita 100 kwenye orodha ya Smithsonian, sehemu ya volkano zilizolipuka katika takribani miaka 12,000 iliyopita. "Iliyozimika" ni neno la kutumia kwa uangalifu. Mount Gambier, Australia, ililipuka yapata miaka 5,000 iliyopita. Laacher See, Ujerumani, ililipuka miaka 13,000 hivi iliyopita, kwa hiyo iko nje kidogo ya mstari huo, na bado mapovu ya kaboni dioksidi yanachemka katika ziwa lililojaa shimo lake. Ukiwa karibu na mahali kama hapo, usilale kwenye shimo wala bonde dogo lisilopitisha hewa, kwa kuwa gesi hiyo ni nzito kuliko hewa na hutuama chini.

Kisha tazama upepo unakotoka. Eyjafjallajökull ya Iceland ilipolipuka Aprili 2010, anga ya sehemu kubwa ya Ulaya ilifungwa kwa siku kadhaa, na safari za ndege zipatazo 100,000 zikafutwa. Hiyo ilikuwa ndogo. Laki, Iceland hiyohiyo, ilitoa lava na gesi kuanzia Juni 1783 hadi Februari 1784, ukungu wa salfa ukatanda Ulaya na kuua watu nchi ambazo hazikuwa na mlima hata mmoja wa moto.

Maandalizi ya umbali huo hayana ushujaa wowote: barakoa zinazochuja vumbi laini, mfuniko wa tangi, dawa za ziada kwa mwenye pumu, na chakula cha wiki mbili kwa sababu usafiri utakwama. Majivu yakianguka, kumbuka kwamba si majivu ya kuni. Ni vipande vya kioo na mwamba. Yakilowa huwa mazito, kwa hiyo usiyamwagie maji yakiwa juu ya paa. Yafagie kidogo kidogo, barakoa usoni.

Umefaulu ikiwa: sehemu ya volkano imekaa kwenye aya moja. Ikizidi ukurasa na unaishi mbali na mlima, umerudia kosa la mwanzo.

## Hatua ya 8: Chagua mambo mawili

Wataalamu huzidisha uwezekano kwa ukubwa wa madhara. Kwa nyumba moja, hesabu hiyo naiona ni namba za kubuni zilizovaa suti. Tumia maswali matatu kwa kila hatari: inaweza kunifikia? Nitapata onyo la muda gani? Naweza kufanya nini mwezi huu?

Hatari inayofika, isiyo na onyo na yenye tiba rahisi hukaa juu. Mara nyingi kabati lisilofungwa huipita volkano. Mteremko unaosogea huja na dalili, lakini tiba yake ni ghali, kwa hiyo kinachowezekana mwezi huu ni kugeuza maji ya paa yasiumwagikie.

Chagua mawili ya juu, uyaandikie tarehe ukutani. Mengine yasubiri. Rudi kwenye ramani baada ya kila mvua kubwa, na kila jirani wa juu anapokata miti au kuchimba.

Mstari wa radoni uache wazi kwa sasa. Usikisie. Utaujaza baada ya miezi mitatu, jibu la kipimo likirudi, na huenda likakulazimu upange orodha upya.